Msichana, Inuka
Jumapili ya 13 ya Mwaka B
Hek 1:13-15; 2:23-24; Mk 5:21-43



Mwaka 1972, huko Merenda karibu na Athene, ilifukuliwa sanamu ya marumaru ya msichana, iliyochongwa katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Kichwani amevaa taji la maua. Mkononi ameshika tumba la yungiyungi ambalo halijachanua. Jiwe lililoibeba sanamu hiyo lilikuwa limejulikana zamani, kwa kuwa lilijengwa ndani ya kanisa la Bikira Maria la mahali pale. Juu yake imechongwa mishororo miwili ya shairi.

Katika mishororo hiyo msichana mwenyewe ndiye anayesema. Anataja jina lake, Phrasikleia. Kisha anasema kwamba ataitwa msichana daima, kwa maana miungu imempa jina hilo badala ya ndoa. Wayunani wa kale walizoea kusoma kwa sauti. Basi kila mpita njia aliyesoma maneno hayo alimwazima marehemu sauti yake, na jina likasikika tena.

Wazazi wale walifanya yote waliyoweza. Hawakukubali mtoto wao asahauliwe. Lakini jiwe huweza kutunza jina tu. Haliwezi kumrudisha mwenye jina.

Leo tumemsikia Yairo, baba mwingine mwenye uchungu uleule. Binti yake ana miaka 12. Marko anaandika neno alilotumia Bwana kumwita, na katika Kiyunani neno hilo limezaliwa na lile lililochongwa kwenye jiwe la Merenda: msichana. Kaburini neno hilo lilikuwa hukumu ya milele. Kinywani mwa Yesu likawa wito. Alimshika mkono, akamwinua, akaagiza apewe chakula. Kitabu cha Hekima kinatufundisha kwamba kifo si kazi ya Mungu. Hapa tunamwona Mungu mwenyewe akikipinga.

Yesu alisema mtoto amelala, watu wakamcheka. Wakristo wa kwanza waliamini neno hilo, hata makaburi yao wakayaita kwa Kiyunani mahali pa kulala.

Ndugu zangu, wapo kati yetu wanaomshauri mama aliyefiwa na mtoto asimtaje tena. Wanasema, yamekwisha. Hayajakwisha! Mama huyo hulibeba jina lile moyoni peke yake, kama jiwe zito. Juma hili mwendee. Mtaje mtoto wake kwa jina, mbele yake, kwa sauti. Kisha salini pamoja. Wapagani waliazima wafu sauti bila tumaini la ufufuko. Sisi tulio nalo, je, tutanyamaza?

Mungu, anayemjua kila mmoja kwa jina lake, awafariji wote wenye kuomboleza. Amina.