Mlima Kenya ni Amana, si Karamu



Katika kitabu cha Mwanzo mwanadamu alikabidhiwa bustani kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Sisi tuishio chini ya Mlima Kenya tumekabidhiwa kazi hizo hizo. Mwaka 1978 UNESCO iliutambua mlima huu kuwa hifadhi ya biosfia, yaani mahali ambapo watu, misitu na wanyama hawana budi kuishi pamoja bila kuangamizana.

Je, tumeishi hivyo? Mwaka 1999 uchunguzi kutoka angani ulifichua maelfu ya miti ya kafuri iliyokatwa, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Gogo la kafuri halibebwi mgongoni na mama mtafuta kuni. Hubebwa kwa lori, na lori hupita barabarani. Pasipo na uwajibikaji, sheria humkamata mwenye mzigo wa kuni na kumpigia saluti mwenye lori.

Lakini haki ianzie kwetu pia. Mito ya mlima huu hulisha Tana upande mmoja, na Ewaso Ng'iro upande mwingine. Wakati wa kiangazi, tunapochepusha maji huku juu bila kibali, mfugaji wa Isiolo na Samburu hukuta mchanga mtupu. Tutadaije haki Nairobi, nasi tunamnyima jirani maji ya kunywa?

Silaha za amani tunazo. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi njia ya kuunda vyama na kushiriki katika usimamizi wa misitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi, na kinamtaka kila mtu ashiriki kuyalinda mazingira.

Basi kila kanisa liulize: Chama chetu cha msitu kilifanya uchaguzi lini? Hesabu zake zilisomwa mbele ya nani? Na miche tuliyoruhusiwa kulima kati yake, je, imekua, au tumeing'oa usiku ili viazi vyetu visikose jua?

Tuliopigania kura yenye siri tusiogope kuuliza maswali ya wazi. Amana hudaiwa, na wadai wetu ni watoto wetu.