Kuinua Pikapu Kuukuu kwa Kiasi

Pikapu ya Toyota Land Cruiser HZJ75, iliyoanza kuundwa mwaka 1990, ina ekseli nzima na springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Baada ya miaka mingi ya mizigo, springi hizo hulegea na gari hushuka. Hivyo kimo chake cha sasa hupimwa kwanza. Mara nyingi springi mpya za kimo cha kawaida hutosha.

Panapohitajika kuinua, milimita 50 ni kiasi cha busara. Springi huchaguliwa kulingana na mzigo wa kila siku: ngumu mno hurusharusha gari likiwa tupu, laini mno hulala likipakiwa. Shokapu ndefu zaidi hufungwa pamoja nazo, kisha mipira ya breki, propela shafti na usukani hukaguliwa. Vipande vya chuma havipachikwi kati ya springi na ekseli ya mbele, kwani vinaweza kuchomoka breki ikikanyagwa kwa nguvu.

Springi huinua chesisi, si difu. Difu huinuliwa na matairi makubwa zaidi. Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, hivyo mwendo wa kwenye kona lazima upunguzwe.