Akitoka Gerezani, Nani Anamngoja?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akina mama)

 

Leo hatukuja kuhesabu pesa za mzunguko. Tumekuja kuongea juu ya dada zetu waliofungwa kwa sababu ya pombe. Huyu alipika chang'aa alipe karo, pole pole akaanza kuionja, mwishowe pombe ikampika yeye. Tunajua wengine wenu mna uchungu, maana mshahara wa mzee uliishia kwa mlango wake. Hatuwakatazi uchungu huo. Tunawaomba tu mtusikilize.

Tuanze na kosa letu. Miaka michache iliyopita tulimpokea mama mmoja aliyetoka gerezani. Jumapili tulipika, tukaimba, tukamchangia pesa za kuanza biashara ya mboga. Jumatatu kila mtu akaenda shambani kwake. Jioni mama yule alikuwa peke yake, pesa mkononi, na wateja wa zamani wakibisha mlango. Wiki haikuisha. Tukasema, "Si tulijua!" Lakini ukweli ni kwamba tulimpa karamu, hatukumpa rafiki.

Tulirudi kwake kuomba msamaha. Akatuambia saa ngumu ni ya jioni, giza likianza kuingia. Basi tukapangana wawili wawili, tukawa tunapitia kwake saa hiyo kuchambua maharagwe na kupiga hadithi. Hatukumhubiria. Alianguka tena mara mbili. Mara ya tatu alituma mtoto atuite kabla hajanywa.

Kutokana na hayo tumejifunza mambo haya:

Kwanza, tusingoje atoke. Tumtembelee akiwa ndani. Sheria inaruhusu mtoto mdogo akae na mamake gerezani mpaka miaka 4. Wakubwa hubaki kijijini, naye hulala akiwawaza. Tumpelekee habari zao. Tena, mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja akiwa na nidhamu anaweza kupunguziwa theluthi moja. Kwa hivyo tuulize tarehe mapema, apate mtu langoni mwenye nauli.

Pili, mwanzoni tusimpe pesa mkononi. Tumnunulie bidhaa au tumlipie kodi ya nyumba. Na yeye apewe kazi katika kikundi, hata kupanga viti. Mtu anayepokea tu hajisikii mwenyeji.

Tatu, ulevi ni ugonjwa. Aliyekunywa sana kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, hata kushikwa na kifafa. Huyo apelekwe hospitali, asifungiwe nyumbani.

Nne, tutunze siri. Anayotuambia jioni yasifike kisimani asubuhi.

Tano, kwa makosa madogo, tangu sheria ya mwaka 1998 mahakama inaweza kutoa kifungo cha nje, mtu afanye kazi za jamii akilala kwake. Afisa wa probesheni akija kuulizia habari za dada yetu, tusijifiche. Tuseme ukweli, na tuseme kama kikundi kiko tayari kumsaidia.

Katika Mathayo 25 Bwana wetu alijihesabu pamoja na wafungwa. Basi mkirudi kwenu, kabla ya kufunga mkutano, ulizeni swali moja tu: jioni ya leo, ni nani anapitia kwake?