Kupiga Hodi Katika Nyumba ya Jirani

Mada iliyotolewa katika semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa mitaa, wakati wa Juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Kamati ya Jubilei imenipa mada ihusuyo uhusiano wetu na Wakristo wa madhehebu mengine. Mada hii ni pana mno, nami nimeomba niguse sehemu moja tu: je, yafaa Walutheri waingie katika kanisa la Wakatoliki na kuabudu humo kwa liturujia yao wenyewe? Na ikiwa yafaa, kwa utaratibu gani? Swali hili si la vitabuni tu. Katika vitongoji vyetu vya Temeke na Kinondoni, nyumba moja huwa na baba Mkatoliki na mama Mlutheri, na watoto wanaogawana Jumapili. Anapofariki mmoja wao, swali la jeneza kupita mlango upi huulizwa kabla machozi hayajakauka.

Nikiwa mchungaji kijana katika mtaa mmoja wa Temeke, kanisa letu liliezuliwa paa na upepo wakati wa masika. Juma lile lile akafariki mama mmoja, mwalimu wa Shule ya Jumapili, ambaye mumewe alikuwa Mkatoliki. Tulikwenda kwa paroko jirani kumwomba kanisa kwa ajili ya ibada ya mazishi. Padri yule hakukubali wala hakukataa. Alisema nyumba ile haikuwa yake, akaomba nafasi amwulize askofu wake. Jioni alirudi na jibu: tuingie, tuongoze ibada kwa kitabu chetu, tuhubiri mimbarini, lakini tusisimame madhabahuni.

Wengi wetu tulishukuru. Mzee mmoja wa kanisa hakushukuru. Alisema kama madhabahu yao ni matakatifu mno kwa mchungaji wetu, basi yeye haingii. Akabaki barazani, mvua ikimlowesha, hadi tulipotoa jeneza. Upande wa pili nao, baadhi ya waumini wa parokia walimlalamikia padri wao kwamba amewaachia Waprotestanti mimbari. Kati ya hao waliokasirika alisimama mume wa marehemu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hakupata kushiriki Meza ya Bwana pamoja na mkewe.

Wapendwa, ugomvi wa namna hii haukuanzia Temeke. Mwezi Juni mwaka 1913, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengine walikutana Kikuyu, nchini Kenya, kutafuta umoja wa kazi yao. Mwishoni Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Chakula cha Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, aliposikia alishtuka. Aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wameeneza uzushi na kuleta faraka. Askofu Mkuu hakuwatia hatiani kwa uzushi, lakini mwaka 1915 alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Hata hivyo kazi haikufa. Mwaka 1918 yaliundwa maungano ya misheni kule Kikuyu, na mwaka 1926 shule ya sekondari ya Alliance ikafunguliwa. Walioshindwa kula meza moja waliweza kufundisha watoto katika darasa moja.

Sisi nasi tumepita njia hiyo. Wamisionari Wajerumani walituachia hapa mjini makanisa mawili yaelekeayo bandari, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, na pamoja nayo ukuta usioonekana kwa macho. Lakini mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda kwa pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kwa ajili ya shule na hospitali za makanisa. Mwaka 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Kilichobaki bila kuafikiwa ni kizito: huduma ya uchungaji na Ekaristi. Ndiyo maana mlango wa kanisa waweza kufunguliwa, na meza ikabaki imetengwa.

Yule paroko wetu hakuwa mkaidi. Mwongozo wa kiekumene uliotolewa Vatikani mwaka 1993, katika kifungu cha 137, unasema kwamba makanisa ya Kikatoliki kwa kawaida ni kwa ibada za Kikatoliki. Lakini Wakristo wengine wakikosa mahali pa kuabudia kwa heshima, askofu wa jimbo aweza kuwaruhusu kutumia kanisa, na hata kuwaazima vyombo. Ruhusa hiyo ni ya askofu; hatuwezi kuipata kwa urafiki wa jirani na jirani peke yake. Tarehe 18 Aprili 2023, kundi la makasisi wa Kianglikana pamoja na askofu wao walifanya ibada ya Ekaristi katika Basilika la Laterani, lililo kanisa kuu la Papa kule Roma. Wenye kanisa walitoa tamko la masikitiko, wakisema jambo lile lilitokana na kasoro ya mawasiliano. Hodi ilipigwa, lakini aliyeitikia "karibu" hakuwa mwenye nyumba.

Hapa nataka nitenganishe mambo mawili. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu hapa Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala la ukiri wa imani. Kumnyima ndugu meza kwa sababu ya ngozi yake ni dhambi, na hatuna la kujadiliana hapo. Lakini jirani anayesema, "Bado hatujaafikiana juu ya meza hii," hajatudharau. Anatuambia ukweli unaomwuma yeye pia. Mzee wetu wa barazani aliyachanganya mambo hayo mawili, na wengi tunayachanganya.

Sasa niseme lililo gumu zaidi kwangu. Mwaka uliofuata, parokia ile ilikuwa ikipanua kanisa lake. Wakatuomba ukumbi wetu, ambao sasa ulikuwa na paa jipya, kwa mafundisho ya watoto wa komunyo ya kwanza. Baraza letu la wazee liliogopa sanamu na rozari kuingia ukumbini. Tukaahirisha kikao mara mbili, kisha tukajibu kwamba ukumbi una shughuli. Haukuwa na shughuli. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, nami nilinyamaza. Padri aliyetutafutia ruhusa kwa siku moja alipata kwetu udhuru wa uongo.

Kwa hiyo, tunapoingia karne ya pili ya Usharika huu, nawasihi mambo matatu. Kwanza, tuombe kwa wazi na kwa mwenye mamlaka, na washarika watangaziwe mapema masharti yote, ili asiwepo wa kushtukizwa mlangoni. Pili, tukiwa wageni tushike utaratibu wa mwenyeji bila kununa, na tusilazimishe meza ambayo bado haijaandaliwa kwa pamoja. Tatu, tukiombwa sisi, tutoe kwa kipimo tulichopewa. Baraza la wazee na liandike utaratibu wake mapema, kabla ya msiba kutufikia.

Bwana wetu aliwaombea wanafunzi wake umoja usiku ule ule alioketi nao mezani. Basi tusiizoee meza iliyogawanyika, bali ituume kama ilivyomwuma yule mjane. Na huku tukingoja, jirani akipiga hodi katika mvua, asikae barazani kwetu.

Mungu aubariki Usharika wetu. Amina.