Mali Itaulizwa Ilikotoka

Alhamdulillahi Rabbil-Alamin, wassalatu wassalamu ala Rasulillah. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Msimu wa korosho ufikapo hapa Mnyambe, na Newala na Masasi kwa jumla, malipo ya mnada hupitia benki. Hapo husikika manung'uniko: "Mbona karani ananiuliza fedha hizi nimezipata wapi? Kwani mimi mwizi?"

Nchi yetu ilitunga sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu mwaka 2006. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2009. Benki imelazimishwa kumjua mteja wake, na kupeleka serikalini taarifa ya fedha taslimu zinapofikia kiwango kilichowekwa, na ya kila muamala wenye shaka. Taarifa hiyo si hukumu. Aliyeandikwa hakushtakiwa.

Je, swali hilo ni geni katika dini yetu? La. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake mara mbili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Na alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, mtu yule akarudi akisema kwamba sehemu fulani ni zawadi yake. Mtume akamkemea hadharani, akauliza: lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingalimfikia?

Wako wanaozigawa fedha zao mafungu madogo madogo ili zisifikie kiwango cha kuripotiwa. Hao wakumbuke watu wa Sabato waliotajwa katika Suratul-Aaraf, waliokatazwa kuvua siku hiyo, wakaasi. Mwenye mali ya halali ana haja gani ya kujificha?

Lakini hatari iliyo karibu nasi zaidi ni kangomba. Mtu humnunulia mkulima mwenye shida korosho zake kwa bei ya kumdhulumu, kisha hutafuta jina na akaunti ya mwingine ili alipwe kama mkulima. Mwaka 2018, Serikali ilipozinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi mashamba yahakikiwe kwanza, na wakulima wa kweli wakangoja pamoja na walanguzi. Ndugu yangu, ukimwazima mtu akaunti yako kwa ujira mdogo, umetoa ushahidi wa uongo kwa jina lako mwenyewe, na umeicheleweshea haki familia ya jirani yako.

Nanyi makarani wa benki na wa vyama vya msingi, siri za watu ni amana. Andikeni kwa uadilifu, wala msimwaibishe mkulima kwa sababu ya nguo zake, wala msimnyamazie tajiri kwa sababu ya gari lake.

Basi kila mmoja wetu ahifadhi stakabadhi zake, na aseme kweli anapoulizwa. Anayeshindwa kumjibu karani leo, kesho atamjibu nini Mola wake?

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu. Amin.