Pima Kabla Hujasema Amina

(Neno lililotolewa Mpumudde, Jinja, katika maadhimisho ya ushirika wetu. Limeandikwa hapa karibu kama lilivyosemwa.)

  

Nawasalimu wazee wangu, watumishi wa Mungu, kina mama, vijana na kwaya zote. Nawasalimu mliotoka Mbale, mliovuka Busia na Malaba, mliosafiri usiku kucha kutoka Mwanza na Bukoba, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu ambao safari yao ni ndefu kuliko ya wote. Na wewe unayesoma jarida hili nyumbani kwa sababu nauli haikupatikana, nakusalimu pia. Neno hili ni lako.

Wenyeji wetu wametuambia kwamba jina Mpumudde maana yake ni "nimepumzika". Hapa ndipo Omukama Kabalega wa Bunyoro alipofia mwaka 1923, akirudi nyumbani kutoka uhamishoni Shelisheli. Basi tumekuja mahali pa kupumzika, na kwa kweli tumepumzika. Ila wazee wamenipa somo lisilompumzisha mtu: jinsi ya kutambua unabii wa kweli na unabii wa uongo.

Nianze na jambo lililotokea karibu na hapa tulipoketi. Ukitoka Jinja ukashika barabara ya Iganga, utapita Magamaga. Ni mwendo mfupi tu kwa taksi. Vijana wengi mnapita pale mkitazama simu, hamjui palitokea nini. Mwishoni mwa mwaka 1987 jeshi la Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, lilishindwa katika eneo lile. Lakwena kwa Kiacholi ni mjumbe. Alisema roho imemtuma. Alianza huko kaskazini mwaka 1986, akakusanya maelfu ya watu, wakashuka kupitia Teso na Tororo hadi huku Busoga, nia yao ifike Kampala. Aliwaambia wapiganaji wajipake mafuta ya moyaw, risasi hazitawadhuru. Aliwaambia mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu. Walikuwa na amri ishirini za usafi, na mojawapo ya masharti ilikuwa kutojificha vitani. Mtu anasimama wima, anaimba, anasonga mbele mbele ya bunduki.

Ndugu yangu, risasi ziliwadhuru. Na sasa sikia sehemu ambayo nataka uishike. Mtu alipokufa, jibu lilikuwa tayari: huyo alivunja amri, hakuwa safi. Mafuta hayakukosea, mjumbe hakukosea, aliyekosea ni maiti. Mjumbe mwenyewe alikimbilia Kenya, akafariki mwaka 2007 katika kambi ya wakimbizi kule Dadaab, miaka ishirini baada ya vijana wa watu kulala kwenye mashamba ya Busoga.

Wazee wa Kusini mwa Tanzania wataniambia hii si mpya. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe alitoa maji, na watu wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Waliokuwa wakidhulumiwa walikuwa na sababu ya kusimama, siwalaumu. Lakini ahadi ile haikuwakinga.

Utaniambia, "Mchungaji, hao si Wapentekoste, wala si wenzetu." Sawa. Twende Kanungu, hapa hapa Uganda. Kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walihubiri Amri Kumi za Mungu. Nani atapinga Amri Kumi? Walisema dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu wakauza mashamba na ng'ombe. Januari ikafika, jua likachomoza kama kawaida, watu wakaanza kuuliza mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani yake, milango na madirisha yamefungwa. Kisha maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kikundi hicho, hadi Kampala.

Na Shakahola je, katika kaunti ya Kilifi? Kuanzia Aprili 2023 makaburi yalifunguliwa msituni na zaidi ya miili 400 ikatolewa. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka, na kesi ni ya mahakama. Mimi si hakimu. Ila walionusurika wamesema waliambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Yesu! Jina lile lile tunaloliimba hapa. Kwa hiyo usitulie ukidhani hatari iko kwa wengine.

Sasa kuna ndugu anayesema: basi tuache unabii kabisa, tubaki na mahubiri na matangazo. Hapana. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, sura ya 5, wasimzimishe Roho wala wasidharau unabii. Na hapo hapo akawaagiza wapime kila kitu na kulishika lililo jema. Hakusema uchague moja. Asiyetaka unabii anavunja agizo, na asiyetaka kupima anavunja agizo lile lile.

Hebu tutazame unabii wa kweli ulivyo. Katika Matendo 11 nabii Agabo anasimama Antiokia na kutangaza njaa. Wanafunzi wanafanya nini? Kila mmoja anatoa kadiri alivyo navyo, na msaada unapelekwa kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Fedha ilikwenda kwa wenye njaa. Haikupita mfukoni mwa Agabo. Baadaye, sura ya 21, Agabo anamwambia Paulo kwamba Yerusalemu atafungwa. Ndugu wanalia, wanamsihi asiende. Paulo anaamua kwenda. Je, Agabo alimlaani? Alisema, "Umemdharau mpakwa mafuta"? Hakuna. Wakasema mapenzi ya Bwana yatendeke. Unabii wa kweli ulimwambia Paulo ukweli, ukamwachia akili zake na miguu yake.

Nakupa maswali matano. Yaandike nyuma ya jarida hili, au nyuma ya Biblia yako.

La kwanza: neno hili linakupeleka kwa nani? Kumbukumbu la Torati 13 inasema ishara inaweza kutokea kweli kweli, na bado nabii akawa wa kukataliwa, kwa sababu anawavuta watu kwa miungu mingine. Kwa hiyo kutimia peke yake hakutoshi. Yule binti wa Filipi, Matendo 16, alisema maneno ya kweli kabisa juu ya Paulo na Sila, lakini roho iliyosema ndani yake ilikuwa ya uaguzi. Mtu akikutajia namba yako ya simu na jina la marehemu mama yako, uliza roho gani imesema, au ni nani aliyemwambia.

La pili: je, limetimia? Kumbukumbu 18 iko wazi: neno lisilotokea, Bwana hakulisema, usimwogope aliyelisema. Utaniuliza, na Yona? Ninawi haikuangamia. Kweli, lakini Ninawi ilitubu, na onyo lina shabaha ya toba. Hiyo ni tofauti na mtu anayetangaza mtoto, visa, au tarehe, kisha mwaka ukapita akatangaza kingine bila kuomba radhi. Na ukisikia "haikutimia kwa sababu imani yako ni ndogo", kumbuka Magamaga.

La tatu: nani anakula? Mika, sura ya 3, aliwajua manabii wanaotangaza amani wakilishwa na vita wasipolishwa. Na kile kitabu cha kale cha Wakristo kiitwacho Didake kilikwisha kusema kwamba nabii akiagiza apewe fedha kwa ajili yake mwenyewe, huyo ni wa uongo. Watu wa zamani hawakuwa na pesa za simu, lakini walimjua mtu huyu. Kumtunza mtumishi ni haki yake. Kununua neno la Mungu kwa chupa ya maji au mafuta ya upako si utunzaji, ni duka.

La nne: je, linakubali kupimwa? Katika 1 Wakorintho 14 manabii wanasema wawili au watatu, na wengine wanapambanua. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko, na wakasifiwa. Leo ukiuliza swali unaambiwa usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Dhahabu haiogopi moto.

La tano: linakutenga na nani? Kule Kanungu waumini walizuiwa hata kuongea, wakawasiliana kwa ishara. Mackenzie alihubiri dhidi ya shule na hospitali. Ukiambiwa achana na mume, mzazi, daktari, mwalimu, mchungaji wako, na usimwambie mtu yeyote, kimbia. Neno la Mungu halihitaji ufiche.

Wapendwa, ningeweza kuketi hapa. Lakini ingekuwa nimewanyooshea wengine kidole.

Wengi mnanijua kama mkalimani. Miaka mingi iliyopita, katika mji mmoja wa mpakani ambao sitautaja, nilitumwa kumpokea nabii mgeni. Tukiwa njiani kwenye gari akaniuliza kwa upole, "Ndugu, mzigo wa kanisa hili ni upi? Nani tumwombee?" Nikamweleza. Nikamtajia mama mmoja mjane, muuza samaki sokoni, anameza dawa za presha kila siku, na kijana wake yuko sekondari. Nilidhani ni mzigo wa maombi.

Jioni, mbele ya watu, nabii akafumba macho. Akasema anaona samaki. Anaona mwanamke asiye na mume. Anaona vidonge mezani. Kanisa zima likapiga vigelegele, na yule mama akaanguka akilia. Nami nilikuwa nimeshika kipaza sauti cha pili. Nilijua maono yale yalitoka wapi. Yalitoka kinywani mwangu, kwenye gari. Kisha akasema, "Bwana anasema, vitupe vile vidonge, leo umepona." Na mimi nikatafsiri. Nikatafsiri kwa sauti kubwa, na kwa hisia.

Mbona sikunyamaza? Niliogopa. Mgeni alikuwa mkubwa, sadaka ilikuwa inakuja, watu walikuwa wanashangilia. Nikajiambia, huenda Mungu ametumia maneno yangu. Yule mama alitupa dawa. Baada ya majuma kadhaa alipooza upande mmoja, akiwa sokoni. Hakufa, Mungu amrehemu daktari aliyempokea. Lakini mkono ule haujawahi kushika kisu cha samaki tena. Kijana aliacha shule akachukua meza ya mama yake.

Nilikaa miaka mitatu bila kumwendea. Nilipokwenda, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya gari. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilisikia kwa sauti yako. Yule mgeni sikumjua lugha. Wewe nilikujua." Alinisamehe, na bado tunaombeana. Lakini sentensi ile siisahau. Kondoo hawamjui mgeni. Wanatujua sisi. Wanamwamini kwa sababu sisi tumesimama karibu naye, tumemtafsiria, tumempigia kinanda, tumempigia makofi.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne kwa ushirika huu, na wazee wangu mtanisahihisha.

Mgeni yeyote asipande madhabahuni kabla wazee hawajauliza kule atokako, hata kama ni ng'ambo ya mpaka. Simu zipo. Mpaka usiwe mahali pa mtu kuoshea jina.

Asipewe habari za waumini kabla ya ibada, wala kadi za maombi zenye majina.

Neno linalogusa dawa, ndoa, shamba au fedha ya mtu lipimwe kwanza na wazee, na aliyeponywa arudi kwa daktari athibitishwe. Wale wenye ukoma kumi, Luka 17, Yesu mwenyewe aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Na aliyetoa neno lisilotimia asimame alikosemea, kwa kipaza sauti kile kile, aseme, "Nilikosea." Mkalimani naye asimame. Leo nimesimama.

Na wewe msomaji, ukiambiwa neno kesho, huna haraka. Hanania alipotangaza mbele ya watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili, Yeremia hakupigana naye. Alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, akakumbusha kipimo, akaenda zake akasubiri Mungu aseme. Mungu hatakasirika ukienda nyumbani ukafungua Biblia, ukala, ukalala, ukameza dawa yako, ukamwuliza mzee wako. Kama ni yeye aliyesema, asubuhi neno lake litakuwa bado liko pale.

Bwana atupe masikio, na atupe ujasiri. Mseme Amina, lakini mpime kwanza.