Samaki Gani Wakae Nyumba Moja?

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo kuna hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: tangi, mwani, chujio. Yasomeni kwa sauti. Haya, tuendelee.

Somo letu ni la samaki wanaofugwa katika tangi la kioo lenye majani ya majini. Samaki hao hawakaangwi, hutazamwa tu. Najua wengine mmecheka. Lakini darasa lenye tangi lina jambo la kuandika kila siku: nani amekula, nani amejificha, jani lipi limeota. Mtu anayejifunza kuandika huhitaji kitu cha kuandika habari zake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kazini Mwanza. Darasa moja la jioni lilichanga fedha za tangi. Walikuwa wavuvi, wachuuzi na mafundi, na kila shilingi waliyotoa ilikuwa imetolewa kwingine. Walinipa mimi kazi ya kuchagua samaki. Nilikuwa na stashahada ya chuo kikuu, nikadhani kuchagua samaki ni kama kuchagua kitambaa dukani: unatazama rangi, unalipa, unaondoka. Nikanunua mbuna 4 wa rangi ya buluu, samaki wa dhahabu 2, na gapi 12, wale wadogo wenye mikia kama upepeo. Hesabuni: jumla ni ngapi? Naam, 18. Wote nikawatia siku ile ile katika tangi jipya, pamoja na majani mazuri niliyoyapanda kwa mkono wangu.

Siku ya tisa walibaki 6. Toeni 6 katika 18, mtajua wangapi walikufa. Majani nayo yalikuwa yameng'olewa, yanaelea juu.

Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa amechanga kuliko wengi, alisimama mbele ya tangi kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulipowanunua, uliuliza wanakula nini?" Sikuwa nimeuliza. Nilisema hivyo mbele ya darasa zima, na wala haikuwa rahisi.

Ndipo mzee mmoja mvuvi akasema, "Mwalimu, jambo hili sisi tumekwisha kuliona ziwani." Alikuwa akisema habari za sangara. Samaki huyo alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, akawala furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu waliokuwa wa namna mamia. Namna nyingi za furu hazikuonekana tena. Ni kweli kwamba ziwa lilipatwa na mambo mengine pia, kama uchafu uliotoka nchi kavu, na ni kweli kwamba sangara amewapa watu wengi kazi na fedha. Mzee mwenyewe alijenga nyumba kwa fedha ya sangara. Lakini alijua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau: samaki mwenye kinywa kikubwa hamwoni jirani, anaona chakula.

Basi andikeni swali la kwanza: kinywa chake kina ukubwa gani, naye mwenyewe atakua kiasi gani? Msipime samaki kwa alivyo dukani. Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini akitunzwa vema hupita sentimeta 20, na hula majani laini kama mbuzi aliyefunguliwa shambani.

Swali la pili ni la tabia. Hapa nitakaa kidogo, maana mbuna ndio walionifundisha. Mbuna ni wa Ziwa Nyasa. Wanaishi penye miamba, wanakwangua mwani ulioota juu ya mawe. Dume hujichagulia mahali pake, na kila apitaye hapo hufukuzwa. Ziwani anayefukuzwa huogelea mbali, na ugomvi umekwisha. Katika tangi ataogelea kwenda wapi? Mbele kioo, nyuma kioo. Hufukuzwa mchana kutwa mpaka mapezi yake yakaraniki na nguvu zikamwishia. Tena mbuna huchimba kokoto, kwa hiyo majani hayashiki mizizi. Sisemi mbuna ni samaki mbaya. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwapenda sana, na jina hilo la mbuna wamelichukua vile vile kutoka kwa wenyeji wa ziwa. Lakini yafaa wapewe tangi lao wenyewe, kubwa, lenye mawe mengi. Bustani ya majani pamoja na gapi wenye mikia mirefu si mahali pao.

Swali la tatu ni la maji. Maji ya Ziwa Nyasa na ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi za mawe, ndiyo maana huitwa magumu. Maji ya vijito vya msitu wa Amazon ni laini. Samaki wa huku na wa huko hawawezi wote kuridhika katika maji mamoja. Joto nalo ni hivyo hivyo: samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi kidogo, na gapi hupenda ya vuguvugu, nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Niliwaweka pamoja nikimtesa mmoja kila siku.

Sasa chukueni kalamu. Tangi letu lilikuwa na urefu wa sentimeta 80, upana wa 35, na kimo cha 40. Zidisheni 80 kwa 35, mtapata 2,800. Zidisheni tena kwa 40: 112,000. Gawanyeni kwa 1,000, mtapata lita 112. Lakini kuna kokoto chini, na maji hayajazwi mpaka ukingoni, kwa hiyo hesabuni lita 95 hivi. Tena lita moja ya maji ni kilo moja. Msiweke tangi juu ya meza ya miguu myembamba.

Mara ya pili tulikwenda polepole. Maji ya bomba tuliyaacha siku moja katika ndoo zilizo wazi ili harufu ya klorini iondoke. Kwanza tulipanda majani, tukawasha chujio, tukangoja majuma sita bila samaki, tukitia chembe chache za chakula kila siku. Watu walilalamika kuwa tunalisha maji. Sababu yake ni hii: uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wakaao katika kokoto na chujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, iliyo sumu pia, kisha nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali kiasi hicho, na majani huila. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Gapi wangu wengine, naamini, hawakuuawa na mbuna. Waliuawa na haraka yangu.

Kisha tukachagua gapi dume 10 na kambare wadogo 6 wa Amerika ya Kusini, wale wasiozidi sentimeta 7. Kwa nini dume tupu? Kwa sababu gapi huzaa watoto hai, na jike mmoja aweza kuwajaza tangi kabla hamjamaliza kitabu cha pili. Gapi hukaa juu na katikati. Kambare hawa hukaa chini, hupenda kuwa kundi, na hutafuta makombo mchangani. Wote hutulia katika nyuzi 25, wala hakuna mwenye kinywa cha kummeza mwenzake. Robo ya maji tuliibadilisha kila juma. Samaki 16 walionekana wachache, na wanafunzi walitaka waongezwe. Nilikataa. Usiku majani nayo hutumia hewa iliyo ndani ya maji, na umeme ukikatika chujio husimama. Tangi lililojaa halifiki asubuhi.

Mbuna waliosalia tulimpa mtu mwenye tangi la mawe. Kijana mmoja alikuwa amesema tuwatupe ziwani. Mzee mvuvi alimtazama tu, asimjibu. Wanafunzi, samaki wa tangi asitiwe mtoni wala ziwani asilani.

Kazi ya nyumbani: pimeni ndoo au sanduku lolote mlilo nalo, mwandike linachukua lita ngapi. Kisha andikeni sentensi tano juu ya samaki mmoja mnayemjua: anakaa wapi, anakula nini, analiwa na nani. Mwalimu azikusanye kabla ya somo lijalo. Kwaherini.